Nina vitabu 11 tu mpaka leo na sioni aibu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua na mi nitoe langu. Nikizidisha urefu kata unapotaka, ila kule mwisho usiguse maana kuna tangazo.

Tangu Januari mnatoa barua za wasomaji wanaotaja malengo yao ya kusoma vitabu kwa mwaka, nani kafika wapi, nani kakwama, nani kaongeza, na mi nazisoma zote, nazisomea kazini saa nne ya chai gazeti likiwa limeshapita kwa bosi, limeshapita kwa mhasibu, na limeshapata mafuta ya chapati. Kuna yule msomaji wa Sinza mwenye lengo la 52, kila wiki kitabu. Kuna kijana wa Kigamboni mwenye 100, mia nzima, nilipoiona mara ya kwanza nikadhani mmekosea kuchapa. Alafu kuna yule mama wa Tabata mwenye 24 ambaye kila akiandika anaanza na samahani kwamba yuko nyuma, sijui anamwomba nani hiyo samahani. Wote nimeshawazoea kama majirani. Lakini barua ya wiki iliyopita ya huyu wa Sinza imenikaa kooni mpaka leo, eti mtu mzima mwenye macho yake mawili akishindwa vitabu 12 kwa mwaka huyo ni mvivu tu, asisingizie foleni.

Haya, mvivu mwenyewe ndo mimi, nimejileta.

Lengo langu lilikuwa 30. Msiniulize kwa nini 30, ukweli ni kwamba dada wa mapokezi ofisini kwetu alisema yeye 25 na mi sikutaka kuwa chini yake. Tarehe 2 Januari nikanunua kaunta buku, nikapiga mistari kwa rula, namba, jina la kitabu, siku niliyoanza, siku niliyomaliza, maoni. Kalamu ya bluu kwa nilivyomaliza, nyekundu kwa vitakavyonishinda. Leo tuko katikati ya Oktoba, ukigawa ile 30 kwa miezi ningetakiwa niwe nimeshapita 23, mi niko namba 11, na hiyo ya 11 yenyewe nimeimalizia juzi Jumapili nikisubiri maharage yaive.

Sasa hilo la foleni. Mi naishi Mbagala, kazi Posta. Asubuhi husomi chochote, umesimama, mkono mmoja bomba, mkono wa pili umekumbatia pochi isichanwe, kitabu utakishika na meno? Jioni ndo kuna kusoma, tena mpaka ugeuze na gari, unalipa nauli mara mbili lakini unapata siti ya dirishani, na kama barabara ya Kilwa imekaza mi nakula kurasa ishirini na tano kabla giza halijaingia. Kitabu changu cha tisa, Peponi, robo tatu nimekisomea kwenye siti. Ni cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel 2021, kwa Kiingereza kilitoka 1994 ila sisi tunaosoma Kiswahili tulikisubiri mpaka Ida Hadjivayanis alipokitafsiri na Mkuki na Nyota wakakitoa 2022, yaani miaka 28, mtoto aliyezaliwa mwaka kilipotoka anaweza akawa na mtoto wake sasa hivi. Kuna kijana anaitwa Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake, na mtoto mwenyewe siku zote anajua yule ni ami yake tu anayekuja kuwasalimia. Sasa jioni moja nimezama humo, msafara umeshaingia bara ndani kabisa, mambo yameharibika, mara konda kapiga bati kuulizia kituo, "Aziz Ali! Aziz Ali wapo?" Nikaruka kwenye siti kama nimeitwa mimi. Baba wa pembeni akauliza kama nimepitwa na kituo, nikamwambia hapana mzee wangu, ni kitabu tu, akakiangalia kitabu, akaniangalia mimi, akasogea kidogo.

Kwa hiyo msomaji wa Sinza foleni siisingizii, tena naishukuru, bila foleni ningekuwa na vitabu vinne. Tatizo langu lilianzia kwenye lile kaunta buku.

Mpaka mwisho wa Mei nilikuwa na vitabu vitano. Nikaona hapa naaibika, dada wa mapokezi yuko tisa, nikaanza kuchakachua. Jumamosi moja nikaenda kwa wale wauza vitabu vya mtumba wanaopanga chini pale mjini, nikachuchumaa, na nawaambia ukweli sikuwa nasoma hata majina, nilikuwa nabonyeza unene kwa vidole viwili, kikiwa kinene narudisha. Kijana muuzaji kaniangalia weee, mwishowe akasema, "Dada we unanunua kitabu au kitenge?" Nilicheka sana lakini nikaondoka na vitatu vyembamba vyote.

Cha kwanza kilikuwa hivi vya mafanikio, nimekimaliza saa moja na dakika kumi, kinasema siri ya matajiri ni kuamka saa kumi alfajiri. Mi naamka saa kumi alfajiri huu mwaka wa tisa ili niwahi usafiri, utajiri bado nausubiri. Kingine kumbe kilikuwa cha watoto wa darasa la pili, hicho nikampa mtoto wa jirani, hata kuchakachua kuna mipaka. Na kingine kilikuwa Kusadikika cha Shaaban Robert.

Hicho nilikichagua kwa wembamba wake, mbele za Mungu sikuwa na sababu nyingine. Nikasema Jumamosi hii naloweka nguo, nafua, mpaka zikikauka nishakimaliza, jioni naandika namba 7. Kilichapwa mara ya kwanza 1951, Mwingereza bado yupo, na ni hadithi ya nchi inayoelea hewani ambako bwana mmoja, Karama, kasimamishwa mbele ya mfalme anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa huko na huko, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na habari za kuifaa nchi yao, na shukrani waliyopata ni kifungo. Mhariri, kile kitabu hakisomwi mbio. Ukikimbia unarudishwa. Sentensi moja inakushika shati, unaisoma mara tatu, unaenda kuchukua kamusi, unarudi, unakaa unaangalia ukuta. Nguo zilikauka, zikapigwa pasi, zikavaliwa, zikachafuka, nikaloweka tena, mi bado niko kwa mjumbe wa nne. Siku kumi na saba. Na mle ofisini wakati ule kulikuwa na kesi yetu ndogo, mwenzetu kaandikiwa barua ya onyo kwa kuuliza swali kwenye kikao, basi kila nikifungua kitabu naona ni sisi.

Nilipomaliza nikafungua kaunta buku nijaze. Mstari wa namba 6 kile cha matajiri, saa moja na dakika kumi, mstari wa namba 7 Kusadikika, siku kumi na saba, vyote vimepewa namba moja moja, sawasawa kabisa. Nikasema hapana, hii hesabu ina walakini.

Najua kuna watakaosema sasa huyu anataka kutuambia tusihesabu. Sijasema hivo. Kuhesabu kunasaidia, bila lile daftari mi jioni ningekuwa naangalia video za watu wanapika vitu ambavyo sitakaa nivipike. Ninachosema tunahesabu kitu ambacho sio chenyewe.

Kabla sijafika huko nimjibu mama wa Tabata aliyeuliza mwezi wa nane kama kitabu cha kusikiliza kinahesabika, maana mwanae anamwekea kwenye simu akiwa anapika, na hamkumjibu. Mama, kinahesabika, tena sana. Tenzi za wazee wetu zilitungwa zighaniwe watu wasikie, wangapi walikuwa wameshika karatasi? Asikutishe mtu. Ila kijana wa Kigamboni aliyejisifu ana vitabu elfu tatu vya pidiefu alivyochota kwenye grupu la Telegram, huyo nina swali naye, mwandishi kapata shilingi ngapi hapo, na pia mdogo wangu kuwa na gunia la mchele stoo sio kula.

Na jingine, hili nalisema nikiwa najicheka. Sisi tuliosoma shule za hapa tuna ugonjwa. Tulifundishwa kitabu ni cha mtihani, dhamira, ujumbe, falsafa, migogoro, kisha fani, muundo, mtindo, wahusika, taja na ueleze kwa mifano kutoka riwaya mbili. Wengine hata kitabu chenyewe hawakukigusa, walikariri vile vijitabu vya uchambuzi na wakapata B. Mpaka leo nina miaka 38 nikimaliza hadithi tamu kabla sijafuta machozi kuna sauti inasema dhamira ya kwanza, nafasi ya mwanamke katika jamii. Inachukua muda kupona. Nadhani haya malengo ya vitabu 52 na 100 ni mtihani uleule umebadilisha sare, bado tunatafuta maksi, tofauti ni kwamba sasa tunajisahihishia wenyewe.

Sasa nije kwenye langu. Nilipokuwa mdogo baba alikuwa ananipeleka Maktaba Kuu, hii ya barabara ya Bibi Titi Mohamed ambayo Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967. Mi jalada lilikuwa halinishughulishi kabisa, nilikuwa nafungua nyuma, kwenye kile kikaratasi kilichogandishwa chenye mihuri ya tarehe za kurudisha. Mihuri mingi maana yake kitabu kitamu. Kikiwa na mihuri miwili narudisha kabatini, najua hicho kimeshawashinda wenzangu. Kuna kimoja kikaratasi kilikuwa kimejaa wakabandika kingine juu yake, hicho niliazima mara tatu. Sijawahi kukosea kwa njia ile, na ndo nimegundua mwaka huu nikiwa mtu mzima kwamba hesabu niliyokuwa naijua mtoto ilikuwa bora kuliko hii ya kaunta buku. Nilikuwa nahesabu watu kitabu kimepitia wangapi.

Mama yangu naye hakuwa na vitabu vya kununua. Miaka ya tisini magazeti yenu nyie, Mhariri, yalikuwa na hadithi za mfululizo, inaishia pale panapouma kabisa alafu itaendelea toleo lijalo. Mama alikuwa anazikata kwa mkasi, anazipanga, anazishona pembeni kwa sindano na uzi mweusi wa cherehani, anaweka jalada la kalenda ya zamani. Hicho ndo kilikuwa kitabu. Kilitoka kwetu kikazunguka mtaa mzima, kinarudi kina alama ya kikombe na kipande cha sehemu moja kimepotea kwa sababu lile gazeti lilifungiwa maandazi. Basi ile sehemu iliyopotea kila nyumba ilikuwa na yake, kwa mama Zuhura bwana harusi alikamatwa na polisi, kwa jirani wa nyuma alikimbilia Mombasa, na walibishana kisimani mpaka ndoo zinajaa zinamwagika. Kitabu kimoja cha uzi. Ungeenda kuwauliza mmesoma vingapi mwaka huu wangekushangaa.

Bibi yangu ndo kabisa, kusoma kajifunza ukubwani, Mwalimu alipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima wakaitwa na kina mama wenzie wakakaa chini ya mwembe na vibao. Hadithi yake aliyokuwa anaipenda ni ya 1973, ile kampeni ya afya na usafi iliyoitwa Mtu ni Afya, watu wanakaa vikundi wanazunguka redio, kijitabu kipo mkononi kwa anayejua kusoma vizuri, redio ikinyamaza anasoma yeye, wengine wanasikiliza na kuuliza, kisha wanakubaliana cha kufanya. Bibi alikuwa akimalizia anasema, tulipofika ukurasa wa choo, babu yako akachukua jembe. Mimi nimesoma vitabu 11 mwaka huu na nyumbani kwangu hakuna mtu aliyechukua jembe.

Kwa hiyo yaliyotokea ofisini kwetu nadhani yalikuwa damuni tu.

Februari nilinunua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, namba 2 kwenye orodha yangu. Nilikisoma shule kidato cha sita kama kila mtu, nikakichambua, nikakisahau. Safari hii nikakisoma kama binadamu. Nilipomaliza dada wa mapokezi akakiomba, nikampa kwa masharti, uandike jina lako na tarehe ukurasa wa mwisho kwa ndani, kama muhuri wa maktaba. Nilikuwa natania. Akaandika. Mumewe ni dereva wa lori akakibeba safari ya Tunduma, na mnajua foleni ya malori pale mpakani, akakimalizia hukohuko akaandika jina lake na neno Tunduma pembeni. Kilivyorudi akakichukua mzee wetu mlinzi. Huyu mzee ujana wake alikuwa kibarua bandarini, nikampa shikamoo na kitabu kwa pamoja, akaitikia marahaba huku anaangalia jalada, akasema, "Huyu bwana namjua, si ndiye aliyeandika Kuli? Alitusema sisi makuli." Kumbe alikisoma zamani, kile cha 1979 kinachohusu mgomo wa makuli wa Zanzibar wa 1948. Mzee hana lengo la mwaka, hana kaunta buku, anasoma usiku na tochi, na kanizidi mimi na bosi na mhasibu tukijumlishwa.

Baada ya mzee binti yake wa kidato cha tano, aliyekuwa anakihitaji cha shule, na alishaona filamu ya kitabu hichohicho, ya 2021 iliyoongozwa na Amil Shivji, akaja na ubishi wake. Baada yake rafiki yake. Kisha, hamtaamini, mhasibu. Mhasibu wetu alikuwa anasema hadithi ni za watoto, yeye anasoma vitabu vya fedha tu. Alikichukua Ijumaa akakirudisha Jumatatu macho mekundu akasema tu, "Huyu Yasmin lakini." Ndo ikaanza. Yasmin binti mdogo kaozwa mzee, Bwana Raza, akamkimbia, je alikosea? Mhasibu anasema ndoa ni ndoa angevumilia kwanza, dada wa mapokezi akamwuliza wewe binti yako ungempa, mhasibu kimya, mzee mlinzi aliyekuwa anapita tu akasimama akasema na huyo Raza naye alionewa, alidhani kanunua raha, tukamgeukia mzee. Siku tatu. Chai inapoa. Mtu wa Tunduma anatuma maoni kwa simu kupitia kwa mkewe, yuko upande wa Denge tu yeye, yule kijana mpigania uhuru wa mle kitabuni, Yasmin hamhusu. Mteja mmoja aliyekuja kulipia mzigo akachangia kwa sababu na yeye alikisoma shule, risiti yake ikasahaulika mezani.

Kwa hiyo nikuulize msomaji wa Sinza kwa heshima zote, katika vile vyako 52, kuna kimoja umegombana na mtu kwa ajili yake? Sio kwa ubaya, nauliza tu.

Kutoka kwa mhasibu kikaenda kwa mama ntilie tunakokula mchana. Hapa kukawa na shauri. Yeye macho yanamsumbua, mwanae wa kiume ndo alikuwa anamsomea jioni akiwa anachambua mchele wa kesho, sura kwa sura, na wakaandika majina yote mawili. Dada wa mapokezi anasema hao ni mmoja, mi nasema ni wawili, kwa sababu mama yule siku moja aliniwekea wali akasimama na upawa mkononi akanieleza Denge angetakiwa afanye nini, mpango mzima, na sio mtu aliyesikia nusunusu yule. Kwa hesabu yangu basi majina yako tisa kuanzia langu, na hao ni wale ninaowajua.

Mtanikumbusha na mi kwamba kama pidiefu ni wizi, kuazimana je, si mwandishi kalipwa mara moja tu watu tisa wakasoma? Hilo nimelifikiria kwenye siti siku nyingi. Sina jibu zuri sana. Ninachojua ni kwamba binti wa mzee na rafiki yake wamenunua nakala zao, na mhasibu, huyuhuyu wa vitabu vya fedha, alienda dukani mwenyewe akanunua Peponi, akanikopesha mimi, ndo ile namba 9 iliyonirusha kwenye siti pale Aziz Ali. Yule wa pidiefu elfu tatu sijui kama kamsababishia mtu kuingia duka la vitabu. Labda, mi simjui.

Maombi yangu kwako Mhariri ni mawili. Moja rudisheni hadithi ya mfululizo, sio robo ukurasa yenye herufi za sisimizi, ukurasa mzima unaoweza kukatwa kwa mkasi bila kukata tangazo la msiba upande wa pili. La pili, Desemba mkikusanya hesabu za wasomaji kama mlivoahidi, wekeni swali lingine pembeni ya idadi, kitabu chako kimoja kilichotembea sana kimefika kwa wangapi. Huyu wa Sinza atuambie. Na mama wa Tabata mama yangu acha kuomba samahani, huyo mwanao anayekuwekea kwenye simu muulize na yeye kasikia nini.

Mi 30 sifiki, nimeshaandika kwa kalamu nyekundu. Ninacho kimoja mkononi sasa hivi, Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971, mama kanisimulia kwamba ilikuwa haitakiwi mashuleni na wao walikuwa wanaipitisha chini ya madawati imefungwa jalada la kitabu cha hesabu. Naisoma taratibu, kurasa kumi kwa siku, hata foleni ikiwa nzuri.

Sasa tangazo. Mama ntilie alimpa Vuta N'kuvute yangu dada mmoja wa kwenye kikoba chao, wa Gongo la Mboto, mwezi wa nane, na huyo dada anasema alishaitoa kwa mtu mwingine anayefanya kazi Buguruni, na wa Buguruni hapatikani kwa simu. Jalada lake limeshikwa kwa selotepu ya kahawia, ukurasa wa mwisho una majina, mojawapo limeandikwa Tunduma. Wewe uliyenayo sikudai, maliza kwanza. Jina lako tu andika na tarehe, nafasi ya chini kulia bado ipo, na kama imejaa bandika karatasi nyingine juu yake.

Wako,
Msomaji wa Mbagala,
Dar es Salaam